Anza Nyuma

Shangazi Theopista hafungui kitabu cha hesabu kwa mbele.
Mbele kuna mwenyekiti na tai yake,
kuna mche wa mti uliopandwa mbele ya kamera,
kuna mshale wa kijani unaopanda kama bei ya nyanya mwezi wa nne.
"Huko wamepaka poda," anasema. "Anza nyuma,
kwenye herufi ndogo. Huko wameandika watu wanaoogopa kushtakiwa."

Tupo Keko, sebuleni, feni inazunguka kwa huruma ya Luku.
Hisa zake ni mia nane, za kiwanda cha sabuni cha Chang'ombe.
Alizinunua kwa kiinua mgongo,
baada ya miaka ishirini na sita bohari, bandarini,
akihesabu mizigo ya wengine.

Ananiuliza, mimi niliyevaa joho mwaka juzi:
namba hii mbona wameifungia kwenye mabano?
Nasema, ni fedha iliyotoka, shangazi. Au hasara.
"Kumbe mabano ni viganja," anasema,
na anajifunika uso kidogo, kwa mzaha.

Namwonyesha mizania: mali huku,
madeni na mtaji kule, jumla zimelingana hadi shilingi ya mwisho.
"Hata jeneza hupimwa likalingana. Endelea."

Uchakavu wa mitambo ameuelewa kabla sijaanza.
Ameyagusa magoti yake tu.

Kisha kidole chake kikasimama.
Faida imepanda, bilioni mbili na ushei.
Fedha kutokana na shughuli za uendeshaji: viganja.
Akarudi juu, akashuka tena,
akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la khanga, akaivaa.
"Wameuza. Hawajalipwa. Nani huyu anayekopa sabuni ya bilioni tatu?"

Ukurasa wa sabini na moja, maelezo namba ishirini na tatu,
miamala na wahusika wenye uhusiano:
mdaiwa mkubwa ni kampuni ya usambazaji,
na mwenye kampuni ya usambazaji ni mkurugenzi wetu,
yuleyule wa ukurasa wa tisa, anayecheka.
Sabuni imetoka mlango wa mbele,
imezunguka nyumba, imeingia mlango wa uani,
na kila hatua imeandikwa mauzo.

Lakini mkaguzi ametia saini, nikasema.
Hati safi. "Picha ya kweli na ya haki."
Shangazi akanitazama kama anayetazama kreti lililopungua chupa.
"Mkaguzi hakusema mgonjwa amepona.
Amesema kioo hakijapinda.
Ugonjwa ameuandika hapa, na namba ya ukurasa kakupa.
Ulitaka aje akusomee?"

Mei, mkutano mkuu, ukumbi wa ghorofani karibu na Posta.
Chipsi kuku kwenye boksi, soda, miche sita ya sabuni kwa kila mwanahisa.
Gawio: shilingi kumi na mbili kwa hisa. Makofi.
Nikapiga hesabu ya shangazi: elfu tisa na mia sita, kabla ya kodi.
Nauli na chakula cha mchana cha watu wawili.

Alinyanyuka taratibu, akakataa kipaza sauti.
"Ukurasa wa sabini na moja."
Ndipo nikasikia nailoni zikichanwa,
safu kwa safu, mpaka nyuma kabisa mlangoni.
Vitabu vilikuwa bado havijafunguliwa.

"Swali zuri sana," alisema mwenyekiti, akanywa maji.
Akanywa tena.
Katibu aliandika: swali limepokelewa.

Jumapili nilimkuta amekaa chini na mkasi na gundi.
Jalada lile linalong'aa amelitoa,
amelijalidia daftari la mjukuu wake, Koku, darasa la tatu,
mwenyekiti na tai yake sasa analinda hesabu za kutoa.
Kurasa za nyuma zimo kwenye kopo la biskuti, na risiti za maji.
Nikanawa mikono kwa ile sabuni ya bure.
Nilisugua sana. Povu halikuja.